Watafiti Wakija Kijijini, Tuulize Nini?



Gari likiingia kijijini na watu wenye makaratasi na vichupa vya damu, maneno huanza. Wengine husema, "Hao wanaenda kuuza damu yetu." Wengine hukubali kila kitu kwa sababu chifu amesema. Njia zote mbili zaweza kutupoteza.

Utafiti si sawa na matibabu. Ni kutafuta jibu ambalo bado halijulikani. Kwa mfano, huko Kilifi kati ya 1993 na 1995, vijiji vingine vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa na vingine bado. Vilipolinganishwa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa karibu thuluthi moja palipokuwa na vyandarua. Wazazi wale wangefukuza watafiti, jambo hilo lingejulikanaje?

Lakini kukubali bila kuelewa si kukubali. Kabla ya kuweka sahihi, ulizeni:

1. Mnatafuta nini, na nani amewatuma? Waonyeshe kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI.
2. Mtatoa damu kiasi gani, mara ngapi, na itapelekwa wapi? (Mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai.)
3. Kuna hatari gani? Mtu akidhurika, nani atamtibu?
4. Nani ataona majina yetu?
5. Matokeo mtatuletea lini? Dawa ikifaulu, sisi tutaipata?

Kumbukeni pia:

- Chifu anaweza kuwakaribisha wageni, lakini hawezi kukubali kwa niaba yako.
- Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi, ndipo aweke kidole gumba.
- Unaweza kukataa, au kuacha katikati. Hiyo si sababu ya kunyimwa matibabu ya kawaida kwenye dispensari.

Msione haya kuuliza. Mtafiti mzuri hufurahia maswali, na anayekasirika mjihadhari naye.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, watafiti wamewahi kufika kwetu? Walirudi kutuambia walichopata?
2. Mama akitaka mtoto aingie katika utafiti na baba akatae, tufanyeje?
3. Tuchague nani wawili wa kutuulizia maswali haya barazani?