Timu Yako Ikifungwa kwa Bao Moja, Fanya Haya

Shabiki wa Sironga ana timu nyingi za kumuumiza. Kuna Shabana pale Gusii Stadium, safari ya matatu hadi Kisii mjini. Kuna Harambee Stars, timu ya taifa. Na wikendi ikifika, kuna Arsenal, Manchester United na wenzao kwenye runinga ya kibanda cha mpira. Kila moja ina namna yake ya kupoteza, lakini hakuna kipigo kigumu kumeza kama kile cha bao moja dakika za lala salama, au cha mikwaju ya penalti. Mkifungwa nne bila, unashika njia ukalale. Mkipoteza kwa kitu kidogo, unafika nyumbani na mambo mawili kifuani: fahari kwamba vijana walipambana, na uchungu kwamba mechi ilikuwa yenu.

Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na hakuna haja ya kuua moja ili jingine liishi. Kazi ni kuyabeba bila kuumiza mtu, kuanzia wewe mwenyewe. Kanuni ni moja: uchungu una haki ya kukaa usiku huo, lakini hauna haki ya kuamua jambo lolote.

1. Elewa kwa nini inauma hivyo

Mwaka 1995 Victoria Medvec na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu nyuso za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waligundua kwamba waliopata medali ya shaba walionekana kuwa na furaha kuliko waliopata fedha. Mwenye fedha anaiwaza dhahabu iliyomponyoka. Mwenye shaba anashukuru kwamba hakuambulia patupu.

Shabiki aliyepoteza kwa bao moja yuko na yule wa fedha. Akili inarudi kwenye mpira uliogonga mwamba, kwenye kona iliyopotezwa, kwenye mchezaji aliyebadilishwa mapema. Kwa hiyo usidhani ukali wa maumivu ni kipimo cha ubovu wa timu. Mara nyingi ni kinyume: inauma kwa sababu timu ilikaribia. Ukilijua hilo, utaacha kutafuta wa kumlaumu saa ile ile.

2. Tuliza mwili kwanza

Kombe la Dunia lilipochezwa Ujerumani mwaka 2006, madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo zilizotokea ndani na pembezoni mwa jiji lao. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka hadi mara 2.66 ya siku za kawaida, na kilele chake kilikuwa ndani ya saa mbili tangu mechi ianze. Mwili haujui kwamba ni mchezo tu.

Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, meza dawa zako kwa wakati; usiseme utameza baada ya dakika za nyongeza. Kula kabla ya mechi. Filimbi ya mwisho ikilia, usikimbilie bodaboda. Keti kidogo, kunywa maji au chai, kisha tembea na mwenzako. Kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au jasho baridi likikutoka, hiyo si hasira ya mpira tena. Nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kukuche.

3. Weka simu mfukoni

Saa ya kwanza baada ya kipigo ni saa mbaya ya kushika simu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kamari. Mkeka uliochanika kwa mechi moja unamshawishi mtu kwamba alikuwa karibu, hivyo ajaribu tena upesi arudishe pesa zake. Lakini mkeka uliokosa mechi moja na ule uliokosa zote imekula pesa sawa, na mechi inayofuata haijui kwamba unaidai. Ukiwa mtu wa kubeti, panga kabla ya mechi kiasi ambacho hutakililia, na pesa ya karo au ya bonasi ya chai ikae kwa mtu mwingine unayemwamini. Usivute mkopo wa Fuliza kufukuza hasara. Anayefukuza hasara usiku huongeza ya pili juu ya ya kwanza.

Ya pili ni matusi. Kijana aliyekosa penalti ana mama yake, na siku hizi ana simu kama yako. Ukitaka kuandika kwenye kundi la WhatsApp, andika kuhusu mchezo: nafasi, mabadiliko, mbinu ya kocha. Yale ya kabila, ya familia na ya vitisho hayafungi bao hata moja. Ukiona huwezi kuandika moja bila jingine, ngoja asubuhi.

4. Usivuke mlango na hasira

Hapa ndipo shabiki anapopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza ripoti za polisi za ukatili wa nyumbani katika eneo la Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku ambazo England ilishinda au kutoka sare, ripoti ziliongezeka kwa asilimia 26. Siku ambazo ilipoteza, ziliongezeka kwa asilimia 38. Mpira haumfundishi mtu kupiga, lakini mwenye mkono mwepesi hupata kisingizio, na pombe humsukuma.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuingia, simama nje mpaka pumzi irudi chini. Ukiingia, sema wazi: "Tumefungwa, imeniuma, nipeni nusu saa." Maneno hayo yanamwondolea mama watoto kazi ya kubahatisha, na watoto wanajua kwamba kununa kwako hakuwahusu. Ukihisi mkono unatetemeka, usiingie. Nenda kwa ndugu au jirani mtulivu, ukae mpaka ipoe. Na kama kuna mtoto aliyetazama mechi nawe, mkalishe karibu. Anakusoma ajifunze namna mtu mzima anavyoshindwa.

5. Asubuhi, chukua karatasi

Ukishaamka, kabla ya kwenda shambani au kazini, gawa ukurasa mara tatu: tulichofanya vizuri, tulichokosea, na bahati. Tuchukue mechi ambayo wengi wetu hatujaisahau, robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kati ya Kenya na Madagascar, Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, uwanjani Kasarani.

Safu ya kwanza inajaa haraka. Kenya ilikuwa inashiriki CHAN kwa mara ya kwanza, ikaongoza kundi kwa pointi 10. Iliifunga DR Congo 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0 ikimaliza na wachezaji 10 baada ya kadi nyekundu, kisha Zambia 1-0. Dhidi ya Madagascar, Alphonce Omija alitangulia kufunga mapema kipindi cha pili.

Safu ya pili: uongozi ule haukulindwa. Madagascar walisawazisha kwa penalti, na Kenya haikupata bao la pili hata baada ya dakika 120. Ukitazama nyuma unaona dalili: katika mechi tano, Stars haikufunga zaidi ya bao moja kwenye mechi yoyote. Timu inayoishi kwa bao moja itafikiwa siku moja.

Safu ya tatu: mikwaju ya penalti, tuliyopoteza 4-3. Mazoezi yanasaidia, lakini hata wapigaji hodari hukosa. Na wiki moja baadaye Morocco, waliofungwa na Kenya kwenye kundi, walitwaa kombe kwa kuifunga Madagascar hiyo hiyo 3-2.

Tazama karatasi sasa. Fahari ina ushahidi wake: tuliwafunga mabingwa. Uchungu nao una ushahidi wake: tulitolewa na timu tuliyokuwa tumeitangulia. Na lawama imepata mahali pake, kwenye ukosefu wa mabao, badala ya kumwangukia kijana mmoja aliyekosa mkwaju. Kwa karatasi hiyo unaweza kubishana mbele ya wenzako sokoni bila kupandisha sauti.

6. Rudi uwanjani, na urudi vizuri

Mashabiki wa Shabana wanaijua subira kuliko wengi. Klabu iliyoanzishwa Kisii mwaka 1980, ambayo mshambuliaji Henry Motego aliichezea, ilishuka kutoka Ligi Kuu na kukaa nje miaka 17 hadi iliporudi mwaka 2023. Mashabiki wa "Tore Bobe", kama klabu inavyoitwa, walioendelea kuja katika miaka hiyo, kwenye mechi ndogo za ligi ya chini, ndio waliokuwa na haki ya kulia kwa furaha iliporudi. Klabu inaishi kwa kiingilio chako, hasa wiki inayofuata kipigo.

Lakini kurudi na mawe hakuisaidii. Mashabiki walipovuruga usalama wakati wa mechi za CHAN, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Zambia, na waliofungiwa nje ni watu waliotaka kushangilia tu. Ukimwona mwenzako anainama kuokota jiwe, mshike mkono, umwite kwa jina lake, wala usingoje polisi.

Na kama kipigo kimegusa kitu kizito zaidi, usingizi umekataa kwa siku nyingi, deni la kamari limekubana au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hilo limepita mpira. Zungumza na mtu leo. Msalaba Mwekundu Kenya wana laini ya simu ya bure, 1199.

Kwa wengine wote, hatua ya mwisho ni rahisi. Kutana na wale mliotazama nao mechi, semeni yote mawili waziwazi: walicheza vizuri, na imetuuma. Kisha angalieni ratiba, mjue mechi ijayo ni lini, mchangishane nauli ya Kisii, na mhakikishe yule kijana aliyenuna kuliko wote yumo ndani ya matatu.