Usomaji wa Rejista za Nukta Inayoelea: Suala la Umbo na Maana

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza hitilafu inayojitokeza pale ambapo programu ya kusakia makosa inaonyesha thamani zisizo sahihi za rejista za nukta inayoelea, yaani zile zinazohifadhi nambari za desimali ndani ya prosesa. Programu hiyo ndiyo shahidi anayetegemewa na mtunzi wa programu. Shahidi akikosea, mtunzi atarekebisha hesabu isiyokuwa na kosa. Inadaiwa hapa kuwa tatizo hili kimsingi ni la umbo na maana. Umbo *paa* ni lilelile, liwe la nyumba, la mnyama au la kitenzi. Muktadha ndio huamua maana. Kadhalika, biti hazina maana mpaka ijulikane kanuni iliyoziandika.

2.0 Muundo wa Rejista

Prosesa ya hesabu Intel 8087 ya mwaka 1980, ambayo muundo wake ulirithiwa na prosesa za x86, ina rejista nane za biti 80: biti 1 ya alama, 15 za kipeo na 64 za tarakimu. Kipeo huandikwa baada ya kuongezewa 16383. Biti ya kwanza ya tarakimu, ambayo kwa nambari za kawaida ni 1, huandikwa waziwazi.

Muundo wa biti 64 wa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 ni tofauti: biti 1 ya alama, 11 za kipeo na 52 za tarakimu. Nyongeza ya kipeo ni 1023, na ile 1 ya mwanzo haiandikwi.

3.0 Chanzo cha Hitilafu

Hitilafu huzuka programu inapochukua biti 64 za chini za rejista na kuzisoma kwa kanuni ya IEEE 754. Mifano ifuatayo imeandikwa kwa kizio cha 16:

(a) 1.0, yaani 3FFF 8000000000000000, huonyeshwa kuwa -0.
(b) 2.0, yaani 4000 8000000000000000, nayo huonyeshwa kuwa -0.
(c) 1.5, yaani 3FFF C000000000000000, huonyeshwa kuwa -2.

Alama na kipeo halisi vimeachwa nje. Biti ya kwanza ya tarakimu imekaa mahali pa alama; ndiyo maana kila nambari ya kawaida huonekana kuwa hasi. Katika (c), biti inayofuata imegeuzwa sehemu ya kipeo.

4.0 Marekebisho

Kwanza, baiti zote 10 zisomwe. Katika x86 alama na kipeo vimo katika mbili za mwisho. Pili, kipeo kipunguzwe 16383 kabla ya kukokotoa thamani. Tatu, sifuri, ukomo usiofikika na thamani zisizo nambari zishughulikiwe peke yake. Nne, biti ghafi zionyeshwe kando ya thamani, kama ifanyavyo GDB kwa amri yake ya *info float*, ili msomaji aweze kuhakiki. Jaribio litumie 1.5 na -1.5: zikionekana sawa, alama bado haisomwi.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa rejista inaweza kuwa sahihi na hesabu pia ikawa sahihi, ilhali kinachosomwa ni uongo. Kabla ya kulaumu hesabu, sharti ihakikiwe kanuni ya usomaji.