Chakula, Bakteria wa Utumbo na Maradhi ya Baridi Yabisi

Katika Kiswahili cha kila siku neno baridi yabisi limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mzee ambaye magoti yake yamechakaa kwa miaka mingi ya kulima husemwa kuwa ana baridi yabisi. Mtu ambaye kidole gumba cha mguu kimemvimba ghafla usiku wa manane, naye ana baridi yabisi. Na mwanamke wa miaka 35 ambaye vifundo vya vidole vya mikono yote miwili huvimba na kukakamaa kila asubuhi, kwa saa nzima au zaidi, huyo pia husemwa vivyo hivyo. Kumbe haya ni maradhi matatu mbalimbali. La kwanza ni kuchakaa kwa viungo. La pili ni jongo, ambalo wengi huliita gauti, nalo hutokana na fuwele za asidi yuriki zinazojikusanya katika kiungo. La tatu ndilo tunalokusudia kulieleza hapa: ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kumlinda mwenyewe, humgeukia na kushambulia viungo vyake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mgonjwa wa aina ya tatu mara nyingi hupewa na majirani, na wakati mwingine hata na wahudumu wa afya, masharti ya mgonjwa wa jongo: aache maharage, aache kunde, aache mchicha. Hata kwa jongo lenyewe masharti hayo yana msingi dhaifu, kwani uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 haukuona kwamba ulaji wa kunde na mboga zenye purini huongeza hatari ya ugonjwa huo. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi ya kinga ni hasara tupu. Vyakula anavyonyang'anywa ndivyo hasa, kama tutakavyoona, vinavyowalisha wale bakteria wa utumbo tunaotaka wastawi.

Katika nchi nyingi zilizochunguzwa ugonjwa huu humpata mtu mmoja, au pungufu ya hapo, katika kila watu wazima 100; na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Ndani ya kifuko cha kiungo mna utando laini unaotoa ute wa kulainisha mifupa inapokutana. Utando huo huvamiwa na seli za kinga, ukavimba na kunenepa, kisha ukaanza kula gegedu na mfupa ulio jirani. Uharibifu wa mfupa huweza kuonekana katika picha za eksirei ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na mfupa ukishaliwa haurudi. Kwa sababu hiyo muda anaoupoteza mgonjwa akijaribu masharti ya chakula peke yake, bila dawa, una gharama isiyolipika.

Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norwe alieleza juu ya kitu katika damu ya wagonjwa hawa ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa ni antibodi inayozilenga antibodi nyingine za mwili wenyewe. Antibodi, msomaji atakumbuka, ni protini ambazo mwili huziunda ili kumkamata adui. Baadaye ziligunduliwa nyingine zinazolenga protini za mwili zilizobadilishwa kidogo: asidi amino iitwayo arjinini imegeuzwa kuwa sitrulini. Jambo la kustaajabisha ni kwamba antibodi hizo huweza kupatikana katika damu miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijauma. Ni dhahiri basi kwamba ugomvi huanzia mahali pengine. Wataalamu wengi leo huelekeza macho yao kwenye sehemu za mwili zenye utando wa ute, ambako mwili hukutana na dunia ya nje: mapafu, na hapa sigara ina hatia iliyothibitishwa, kinywa, kwani bakteria mmoja wa ugonjwa wa fizi, Porphyromonas gingivalis, ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kutengeneza sitrulini, na utumbo.

Utumbo wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli zote za mwili. Wengi wao wamo katika utumbo mpana, nao huishi kwa kile ambacho sisi tumeshindwa kukimeng'enya, hasa nyuzinyuzi za mimea, zile ambazo zamani tulizidharau na kuziita makapi. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Zaidi ya hayo, majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asidi hizi huongeza aina fulani ya seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza wenzao. Mtu akila sembe nyeupe, mkate mweupe na soda, bakteria hawa hupata njaa. Wengine hugeukia ule ute unaofunika ukuta wa utumbo na kuanza kuula huo.

Je, bakteria waweza kuanzisha ugonjwa wa viungo? Kwa panya jibu ni ndiyo, ingawa si rahisi kama linavyosikika. Mwaka 2010 watafiti walichukua panya wa ukoo unaougua viungo kwa kurithi, wakawalea bila bakteria wowote. Ugonjwa ukapungua sana. Walipowatia aina moja tu ya bakteria wa utumbo, ugonjwa ukarudi. Lakini katika majaribio mengine, ambamo panya wakubwa hutiwa ugonjwa kwa sindano, wale wasio na bakteria ndio walioathirika zaidi. Bakteria, kwa hiyo, si adui wala si rafiki kwa jumla. Lililo muhimu ni nani yupo na anaishi na nani.

Mwaka huo huo wa 2013 watafiti wa New York walichunguza kinyesi cha wagonjwa wapya 44 ambao hawajatibiwa. Bakteria aitwaye Prevotella copri alionekana kwa 33 kati yao, yaani asilimia 75, na kwa watu wenye afya 6 tu kati ya 28. Habari ilienea haraka kwamba mhalifu amekamatwa. Hapo ndipo Afrika inapoingia katika kisa hiki. Mwaka 2010 watafiti wa Italia walikuwa wamelinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso, waliolelewa kwa mtama, uwele na kunde, na watoto wa Florence. Prevotella walijaa kwa wale wa Afrika. Mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, hapa Tanzania, wanaokula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama: utumbo wao ulikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko wa Waitalia waliolinganishwa nao, na Prevotella walikuwamo kwa wingi. Kama Prevotella ndiye mhalifu, wingi wake kwa watu hawa ni fumbo.

Fumbo hili lilianza kufumbuka mwaka 2019, ilipobainika kwamba jina hilo moja lilifunika matawi manne tofauti ya bakteria, na kwamba watu wanaoishi maisha yasiyo ya viwanda mara nyingi huwa na matawi kadhaa kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hili ni onyo kwa wale wanaotaka kutuuzia vidonge vya bakteria mmoja mmoja. Ni sawa na kuhukumu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye sahani. Jaribio linalotajwa sana lilifanywa Norwe na kuchapishwa mwaka 1991. Wagonjwa 27 walifunga kwa siku 7 hadi 10, wakila kidogo sana, kisha wakala vyakula vya mimea tu kwa miezi mitatu na nusu, halafu wakaongezewa maziwa. Wengine 26 waliendelea na chakula cha kawaida. Wale wa kwanza walipata nafuu, na nafuu hiyo bado ilionekana baada ya mwaka mmoja. Uchunguzi wa kinyesi uliofuata ulionyesha kwamba waliopata nafuu zaidi ndio ambao bakteria wao walikuwa wamebadilika zaidi. Ila mtu ajuaye kwamba yumo katika tiba mpya huweza kuona maumivu yamepungua kwa matumaini tu, na katika majaribio ya chakula haiwezekani kumficha mtu anachokula. Mafuta ya samaki yamepimwa vizuri zaidi, kwa kuwa hayo yanaweza kufichwa. Mwaka 2015 watafiti wa Australia waliwapa wagonjwa wapya, waliokuwa ndio kwanza wanaanzishiwa dawa, mafuta yenye gramu 5.5 za omega-3 kwa siku, na wengine kiasi kidogo. Katika kundi la kwanza wachache zaidi ndio ambao dawa zao zilishindwa.

Wataalamu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, walikubali kwa tahadhari chakula cha mtindo wa Mediterania pamoja na dawa, wakakataa kupendekeza aina nyingine maalumu za vyakula. Hatuna haja ya kuagiza zeituni. Dona badala ya sembe, ulezi na mtama, maharage, mbaazi na choroko, kisamvu na matembele, vibua na dagaa: sahani hii ina nyuzinyuzi na mafuta ya samaki bila kupita dukani kwa mgeni. Hata ugali uliopoa una wanga ambao haumeng'enywi kirahisi, na hivyo hufika kwa bakteria. Kufunga kwa muda mrefu simshauri mgonjwa yeyote, kwani ugonjwa wenyewe hula misuli.

Na dawa zisiachwe. Mojawapo, sulfasalazini, ilibuniwa na Nanna Svartz wa Sweden kwa ajili ya ugonjwa huu huu, naye akaieleza katika miaka ya 1940. Ni molekuli mbili zilizofungwa pamoja, na mwaka 1972 ilithibitishwa kwamba katika panya wasio na bakteria fungo hilo halikatiki. Ni bakteria wa utumbo mpana wanaolikata. Mgonjwa anayetumia sulfasalazini akiandikiwa antibiotiki kwa ajili ya maradhi mengine, yampasa amweleze daktari anachotumia, kwa kuwa antibiotiki huweza kuwaua wale wale wanaoifungua dawa yake.