Somo la Sita: Kutengeneza Diski ya DVD Itakayosomwa na Deki ya Nyumbani

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini video inayoonekana vizuri kwenye simu hukataliwa na deki;
(b) kukadiria dakika zinazofaa kuwekwa katika diski moja;
(c) kumpa mtoa huduma maelekezo sahihi na kuikagua diski kabla ya kuondoka nayo;
(d) kulinda faili la asili lisipotee.

Utangulizi

Siku hizi harusi, kipaimara, mahafali na hata maziko hurekodiwa kwa simu ya mkononi. Ndugu walio mbali huyapakua mafaili hayo kutoka kwenye intaneti na kuyahifadhi. Hata hivyo, katika kaya nyingi mtazamaji anayesubiri video hiyo kwa hamu kuliko wote ni mzee wa familia, ambaye hana simu ya kisasa wala kompyuta. Alicho nacho ni runinga na deki. Hapo ndipo mlaji anapokwenda kwenye duka la huduma za kompyuta na kuomba achomewe DVD.

Malalamiko katika huduma hii yana sura moja. Mlaji amelipa, amesafiri na diski hadi kijijini, familia imekusanyika sebuleni, na deki inaandika kwenye kioo kwamba diski haisomeki. Ikiwa faili la asili limekwisha kufutwa ili kupata nafasi kwenye simu, na diski yenyewe imeharibika wakati wa kuchomwa, kilichopotea huenda kikawa sauti ya mtu ambaye hayupo tena duniani. Hasara ya namna hiyo hailipiki kwa kurudishiwa fedha. Kwa bahati njema, inazuilika kwa kuelewa jambo moja: kunakili faili la video kwenye diski na kutengeneza DVD ya kuchezwa kwenye deki ni kazi mbili tofauti.

1. Kile ambacho deki hukisoma

Simu na kompyuta zina programu nyingi za kufungua video za kila namna. Deki ya kawaida ilitengenezwa kusoma mpangilio mmoja uliowekwa katika miaka ya 1990, ujulikanao kama DVD-Video. Katika mpangilio huo, picha hubanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na katika mfumo wa PAL unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda, picha huwa na ukubwa wa nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sauti nayo hupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Vyote hivyo huwekwa katika folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili yanayoishia na VOB, IFO na BUP.

Video za simu, kwa kawaida, ni mafaili ya MP4 yaliyobanwa kwa mtindo wa H.264 au mpya zaidi. Faili la namna hiyo likinakiliwa kama lilivyo kwenye diski, diski hiyo inakuwa ghala la data tu. Kompyuta italifungua, lakini deki ya kawaida haitalitambua. Kubadilisha jina la faili kutoka MP4 kuwa VOB hakusaidii, kwa kuwa jina halibadilishi kilichomo ndani.

Zipo deki zenye tundu la flashi au alama ya DivX. Hizo huweza kusoma baadhi ya mafaili ya AVI yaliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani wa MPEG-4, lakini nyingi kati yake bado hukataa H.264. Kwa hiyo mlaji asiseme tu kwamba deki yake "inasoma flashi" akadhani suala limekwisha. Asome kitabu cha maelekezo cha deki, au ajaribu kwanza kwa faili dogo.

2. Hesabu ya dakika na ubora

Diski ya kawaida ya DVD yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi huihesabu gigabaiti kwa kipimo kikubwa zaidi, hivyo diski hiyo hiyo huonekana kuwa na takriban 4.38. Hiyo haina maana kwamba muuzaji amempunja mlaji.

Katika DVD-Video, nafasi huliwa na dakika, wala si ukubwa wa faili lililopakuliwa. Gigabaiti 4.7 ni sawa na megabiti 37,600. Tukizigawa kwa sekunde 7,200 za video ya saa mbili, kila sekunde inapata takriban megabiti 5.2, kiasi kinachotoa picha nzuri. Video ya saa moja ingepata megabiti 10.4, lakini kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa picha ni 9.8, kwa hiyo saa moja hupata ubora wote unaowezekana. Video ya saa nne hubaki na megabiti 2.6 tu, na picha huanza kuonyesha viraka, hasa watu wanapocheza ngoma au kamera inapozunguka kwa kasi.

Ndiyo maana faili la MP4 la megabaiti 700 lenye dakika 120 hujaza karibu diski nzima likigeuzwa. Ndiyo maana pia diski inayouzwa kwa kutangazwa kuwa na filamu 20 inapaswa kutazamwa kwa uangalifu. Filamu 20 za dakika 90 ni sekunde 108,000, na kila sekunde ingepata takriban megabiti 0.35. Diski hiyo ama ina picha duni sana, ama ina mafaili ya data ambayo deki ya mnunuzi huenda isiyasome.

Inashauriwa kutoweka zaidi ya dakika 120 katika diski moja. Shughuli ndefu igawanywe katika diski mbili.

3. Kuchagua diski tupu

DVD-R ndiyo aina kongwe zaidi, na kwa kawaida ndiyo inayokubaliwa na deki nyingi za zamani. DVD+R, iliyokuja baadaye, husomwa na deki nyingi za miaka ya karibuni. DVD-RW, ambayo hufutika na kuandikwa upya, hurudisha mwanga kwa udhaifu zaidi. Deki kuukuu huweza kushindwa kuisoma hata kama imechomwa kwa usahihi. Diski za tabaka mbili, zenye gigabaiti 8.5, ni ghali zaidi na si kila deki huzipokea vyema. CD ya megabaiti 700 haitoshi kwa kazi hii.

Kwa kumbukumbu ya familia, chaguo salama ni DVD-R ya tabaka moja, isiyo na mikwaruzo.

4. Hatua za kazi

Mlaji anayefanya kazi hii mwenyewe, au anayeisimamia, afuate hatua zifuatazo:

(i) Hifadhi faili la asili katika sehemu mbili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye flashi. Usilifute hadi kazi itakapokamilika.

(ii) Litazame faili lote tangu mwanzo hadi mwisho. Upakuaji uliokatika njiani huacha faili lisilokamilika, na hakuna programu itakayorejesha kisichokuwemo.

(iii) Tumia programu ya kutengeneza DVD, kama vile DVDStyler, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi ya kugeuza, kupanga menyu na kuchoma. Programu ya HandBrake hugeuza video, lakini haitengenezi DVD-Video. ImgBurn huchoma folda ya VIDEO_TS iliyokwisha kuandaliwa. Windows DVD Maker ilikuwemo katika baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7, ikaondolewa kuanzia Windows 8.

(iv) Chagua mfumo wa PAL, kisha umbo la picha: 16:9 kwa runinga pana, 4:3 kwa runinga ya mgongo. Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima itaonekana na sehemu nyeusi pande zote mbili. Hiyo ni hali ya kawaida.

(v) Tengeneza kwanza folda ya VIDEO_TS kwenye kompyuta na uitazame. Ikiwa sauti haiendi sambamba na midomo ya wasemaji, kasoro hiyo irekebishwe kabla diski haijaguswa.

(vi) Choma kwa kasi ya wastani, kama vile 4x au 8x. Kwa 4x, diski iliyojaa huchukua takriban dakika 15. Hakikisha programu imeagizwa kuifunga diski, yaani kuandika alama za mwisho zinazoiwezesha deki kuitambua, na kisha kuihakiki.

(vii) Ijaribu diski kwenye deki: mwanzo, katikati na mwisho. Data huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na kasoro nyingi hujitokeza karibu na ukingo wa nje. Diski inayoanza vizuri bado huweza kukwama dakika kumi za mwisho.

Tahadhari: diski tupu ikiingizwa, Windows huuliza kama itumike mithili ya flashi au pamoja na kichezeshi cha CD na DVD. Chaguo la pili huwapotosha wengi. Huifunga diski, lakini haligeuzi video. Faili la MP4 litabaki MP4.

5. Unapopeleka kazi kwa mtoa huduma

Neno "kuchoma" pekee halitoshi kuwa maelekezo. Kabla ya kulipa, mweleze mtoa huduma matumizi ya diski: "Nataka DVD-Video ya kuchezwa kwenye deki ya kawaida, mfumo wa PAL, dakika zisizozidi 120, na diski ifungwe." Kisha uliza:

Je, bei ni ya kunakili au ya kugeuza na kuchoma? Diski tupu ni ya aina gani? Je, duka lina deki ya kujaribia? Diski isiposoma, itarudiwa bila malipo ya ziada?

Muda wa kazi nao ni ushahidi. Kugeuza video ya saa mbili kwenye kompyuta ya kawaida huweza kuchukua saa nzima au zaidi, kabla hata ya kuchoma. Mtoa huduma anayekabidhi diski baada ya dakika tano, kwa uwezekano mkubwa, amenakili faili tu.

Ikiwa duka halina deki, omba diski ifunguliwe kwenye kompyuta mbele yako. Ukiona folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP, kazi imefanyika kwa mpangilio unaotakiwa. Ukiona faili la MP4 peke yake, hiyo ni diski ya data. Folda ya AUDIO_TS ikiwa tupu si kasoro.

Dai risiti, na uombe iandikwe kazi yenyewe: "kugeuza na kuchoma DVD-Video". Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Risiti yenye maelezo humpa mlaji mahali pa kuanzia ikiwa mazungumzo na mwenye duka hayakuzaa matunda.

6. Hakimiliki

Video ya shughuli ya familia, au ile ambayo mwenye haki ameruhusu inakiliwe, haina tatizo. Lakini kupatikana kwa filamu au muziki kwenye intaneti hakumaanishi kwamba kila mtu ameruhusiwa kuvinakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii nchini Tanzania, na kunakili kazi hizo kwa ajili ya kuziuza bila idhini ni kosa. Mlaji asimwombe mtoa huduma kufanya kazi hiyo, wala asikubali kuuziwa nakala ya namna hiyo.

7. Utunzaji wa diski

Diski iliyochomwa huhifadhi picha katika rangi nyembamba inayoathiriwa na joto na mwanga. Isiachwe juani, kwenye kioo cha mbele cha gari au juu ya runinga. Ishikwe kwa ukingo. Ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Maelezo yaandikwe kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa diski. Kalamu yenye ncha kali hukwaruza, na karatasi ya gundi huondoa mizani diski inapozunguka.

Hata ikitunzwa vyema, diski haifai kuwa nakala pekee. Faili la asili ndilo mbegu: likiwepo, diski nyingine itachomwa wakati wowote.

Maswali ya kujipima

1. Mlaji ana video ya harusi ya dakika 200. Anahitaji diski ngapi ili picha ibaki nzuri, na kwa nini?
2. Diski imefunguliwa kwenye kompyuta na ndani yake kuna faili moja la MP4. Je, deki ya kawaida itaisoma? Mlaji afanye nini kabla ya kuondoka dukani?
3. Taja mambo manne ambayo mlaji anapaswa kumweleza mtoa huduma kabla ya kulipa.
4. Kwa nini diski ijaribiwe hadi dakika zake za mwisho?
5. Ni wakati gani ni salama kufuta video kwenye simu?