Upatanisho wa Kisarufi Ndani ya Kifurushi: Tux Paint na Mwanafunzi wa Kegonga

Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia imezoea kuanzia na kuishia kwenye istilahi. Huulizwa iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na baada ya hapo kikao hufungwa. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu wenyewe umo katika upatanisho wa kisarufi, nao huwa mgumu zaidi kurekebishika pindi programu inapokwisha kufungashwa na kusambazwa.

Mfano unaotumika ni Tux Paint, programu huria ya watoto ya kuchora na kuchezea rangi, iliyoanzishwa na Bill Kendrick mwaka 2002. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nyingi ilizotafsiriwa. Mtumiaji anayezingatiwa ni mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Kegonga, Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori. Mtoto huyu huzungumza Kikuria nyumbani, hufundishwa Kiswahili na Kiingereza shuleni, na hana mbali kufika mpaka wa Tanzania, ambako Wakuria wa Tarime hutumia Kiswahili cha upande wa pili. Kwake yeye, sentensi iliyo kwenye kioo ni somo la lugha, hata kama mtunzi wa programu hakukusudia hivyo.

Kifurushi na yaliyomo

Programu huria hutolewa kwanza kama msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtunzi ambayo kompyuta haiwezi kuyaendesha moja kwa moja. Kazi ya mfungashaji ni kuyageuza maandishi hayo kuwa kifurushi kinachokubalika katika msambazo fulani wa Linux, kama vile Debian, Ubuntu au Fedora. Huandika maelezo ya kifurushi, hutaja leseni na wenye hakimiliki, huorodhesha vitegemezi (programu nyingine ambazo pasipo hizo hiki hakifanyi kazi), na hueleza hatua za ujenzi. Katika Debian, Tux Paint imegawanywa katika vifurushi kadhaa. Programu yenyewe iko pekee, data yake iko pekee, na mihuri ya picha, ambayo ni mizito, ina kifurushi chake. Mgawanyo huo una manufaa yake: mwalimu asiye na intaneti ya kutegemewa anaweza kubeba vifurushi vichache kwenye flashi, mradi asisahau vitegemezi.

Tafsiri nazo husafiri humo humo. Mtafsiri hujaza faili lenye jozi za sentensi, ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini. Wakati wa ujenzi faili hilo hugeuzwa kuwa katalogi inayosomwa na kompyuta, na kuwekwa chini ya msimbo wa lugha, sw. Jina linaloonekana katika menyu hutoka kwingine, katika faili dogo la kizinduzi lenye mstari wake wa sw. Mstari huo ukisahauliwa, mtoto hukutana na Kiingereza kabla hata ya kufungua programu.

Upatanisho

Mtoto anapochagua rangi, Tux Paint hutaja jina la rangi hiyo chini ya kioo. Kwa Kiingereza neno hilo halibadiliki. Mtafsiri wa Kiswahili analazimika kuuliza: nomino iliyofichika ni ipi? Ikiwa ni rangi yenyewe, ngeli ni I-ZI, na jibu ni "nyekundu". Lakini mtunzi wa mchezo mwingine akilichukua neno lilo hilo na kuliunganisha na jina la umbo, atapata "mraba nyekundu" na "kiduara nyekundu", badala ya "mraba mwekundu" na "kiduara chekundu". Tatizo hili limejikita katika -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutumia kihusishi cha -a unganifu, kama "wa kijani" au "cha zambarau", na hapo pia kihusishi hufuata ngeli. Hakuna kamusi ya istilahi inayoweza kuliondoa kosa hili, kwa sababu kila neno limetafsiriwa sahihi.

Wingi nao una mtego wake. Mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi huria, huhesabu Kiswahili kuwa lugha yenye maumbo mawili: moja kwa idadi ya 1, jingine kwa idadi nyingine zote. Kwa "kipande 1" na "vipande 5" kanuni hiyo inatosha; kwa "nyota" maumbo mawili yanafanana, na hakuna hasara. Kanuni huvunjika pale nomino inapoingizwa katika nafasi iliyoachwa wazi. Taarifa ya Kiingereza isemayo kwamba kitu fulani kimefutwa hudai kwa Kiswahili "kimefutwa", "imefutwa", "limefutwa" au "umefutwa", na mtafsiri hajui kitakachoingia.

Njia mojawapo ya kujinasua ni kumfanya mtumiaji awe mtendaji. "Umefuta:" ikifuatwa na jina la kitu haihitaji upatanisho na nomino hiyo, kwa kuwa kiambishi U- hapa ni cha nafsi ya pili. Njia nyingine ni kutanguliza nomino ya jumla, "Kitu hiki kimefutwa:". Ya kwanza ni bora; ni fupi, na mtoto huzungumziwa yeye. Hata hivyo, hakuna mojawapo inayoponya sentensi iliyounganishwa vipande vipande ndani ya msimbo. Hiyo huhitaji kiraka, na mfungashaji ana uwezo wa kukitia na kumpelekea mtunzi.

Wakati wa kusahihisha

Toleo imara la Debian hutoka takribani kila baada ya miaka miwili, na likishatoka, kwa kawaida hupokea masahihisho ya kasoro nzito tu. Ngeli iliyokosewa haihesabiki kuwa kasoro nzito. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na "kiduara nyekundu" huenda akaingia la tatu akiwa bado anaisoma.

Kazi ya namna hii imewahi kufanywa na wanalugha wa eneo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kuhusu tofauti za Kenya na Tanzania, mfumo wenyewe umeacha nafasi: kompyuta iliyowekwa sw_KE hutafuta kwanza tafsiri ya Kenya, na isipoipata hurudi kwenye sw. Kwa hiyo "tarakilishi" ya Kegonga na "kompyuta" ya Tarime zinaweza kukaa katika kifurushi kimoja. Ngeli hazina msimbo wa nchi.