Rulema Inapopasuka, Jicho Liko Karibu



Wengi wanafikiri kwamba rulema ni jambo la mafundi wa garaji tu, haliwaangalii waganga. Lakini sisi wa dispanseri tunaijua vizuri, ila hatuioni nzima: tunaona kipande chake, kidogo kuliko punje ya chumvi, ndani ya jicho la mtu. Kwa hiyo leo tusome pamoja sababu gani rulema inapasuka mbele ya wakati wake.

Rulema ni pete mbili, ya ndani na ya inje, na katikati yao mipira midogo ya chuma ao vigogo vidogo vinavyozunguka. Chuma hicho si kama cha msumari. Kina kaboni karibu asilimia 1 na kromu kama asilimia 1.5, tena kimekomazwa kwa moto mpaka kikawa kigumu sana. Ukipiga msumari, unapinda. Ukipiga rulema, haipindi: inamenyeka kama sahani, na kipande kinaruka.

Basi adui wa kwanza ni nyundo. Fundi anataka kuingiza rulema kwenye mhimili. Anaweka tindo juu ya pete ya inje, anapiga. Pengine haipasuki siku ile. Lakini nguvu yote imepita katika mipira, na kila mpira umeacha kishimo katika njia yake. Hakuna anayekiona. Mashini inawashwa, inalia kidogo, kisha njia inaanza kubanduka. Halafu watu wanalaumu magazini: «Walitupa rulema mbaya!»

Namna gani basi? Kama rulema inakaza juu ya mhimili, sukuma pete ya ndani, kwa presi ao kwa bomba linalogusa pete hiyo peke yake. Ao pasha moto rulema kwa chombo chake: degre 110 zinatosha, usipite 125. Moto wa shalimo hapana! Unapasha upande mmoja, chuma kinapoteza ugumu wake mahali pale, na ufa unapata mlango.

Pima mhimili vile vile. Ukiwa mnene kupita kipimo, pete ya ndani inavutwa kama nguo inayobana, na siku moja inapasuka toka upande mmoja mpaka mwingine.

Mzigo nao una hesabu yake. Rulema ya mipira ikibebeshwa mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui nusu tu: yanabaki sehemu moja ya nane. Ufa wa uchovu huo unaanza chini ya uso wa chuma, ndiyo maana jicho haliuoni mapema. Vumbi na maji vinaharakisha kazi hiyo. Kukosa grese kunaua rulema. Kuijaza mpaka pomoni kunaichemsha. Na wewe unayeunga chuma kwa umeme, funga koleo la masi karibu na mahali unapounga, umeme usipite ndani ya rulema na kuichoma.

Rulema mgonjwa ana homa. Huko Marekani, tarehe 3 Februari 2023, mabehewa 38 ya treni yalitoka njiani katika mji wa East Palestine, sababu rulema ya gurudumu moja iliungua. Vipimo vitatu vya kando ya njia viliona joto lake likizidi la hewa kwa degre 21, kisha 57, mwisho 141. Treni ilikuwa imebeba dawa za sumu, na watu walihamishwa. Ukiona homa hiyo kwenye pompi yako, mwite mkubwa wa kazi. Usipime kwa kiganja: chuma cha degre 70 kinaunguza ngozi mara moja.

Sasa jicho. Kipande cha rulema kinaweza kuingia ndani kabisa bila damu na bila uchungu mwingi. Mtu anasema «ni vumbi», anasugua, anarudi kazini. Lakini chuma kikibaki ndani kinatoa kutu, na kutu hiyo inaua jicho polepole, kwa miezi ao hata miaka. Kwa hiyo, kama ulikuwa unapiga chuma juu ya chuma na jicho likachoma hata kidogo, usisugue, usioshe kwa nguvu, usiruhusu rafiki achokoe kwa njiti. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, uje upesi. Na useme wazi: «Nilikuwa napiga rulema.» Neno hilo linatufanya tukutume kwenye picha ya radio.

Lineti za kazi zivaliwe na anayepiga na pia na msaidizi anayeshika mhimili. Mara nyingi kipande kinamwendea yeye.

Neno moja la nyumbani. Watoto wetu wanapenda rulema za zamani kwa vigari vyao vya mbao, na baba anawaletea. Vigari ni vizuri. Lakini rulema ikikataa kuingia, chonga mti upungue. Usiigonge kwa nyundo huku mtoto ameinama mbele yako anatazama.