Kuotesha mamama Troyeville, juu ya mita 1,700

Maelekezo mengi ya kilimo cha uyoga niliyoyasoma kwa Kiswahili yanamlenga mkulima wa Morogoro, Kilimanjaro au Pwani: kibanda cha nyasi, sakafu iliyolowanishwa, joto lisilopanda na kushuka sana. Mimi naotesha Troyeville, mashariki ya katikati ya Johannesburg, katika chumba cha uani chenye kuta za matofali na paa la bati. Hapa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua huja miezi ya joto, Oktoba hadi Machi. Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali, na alasiri unyevu wa hewa unaweza kushuka chini ya asilimia 30. Ukifuata hapa maelekezo ya Pwani neno kwa neno, utachuma uyoga mdogo uliokauka kingo, au hutachuma kitu. Ukielewa kinachotokea ndani ya mfuko, kila hatua utaweza kuirekebisha mwenyewe.

Uyoga hauna kijani cha majani, wala hauna tumbo. Sehemu yake kubwa ni utando, nyuzi nyeupe nyembamba zinazopenya kwenye mabua na kumwaga vimeng'enya nje ya mwili. Vimeng'enya vinavunjavunja mabua, kisha utando unafyonza sukari iliyopatikana. Ni sawa na mtu anayepika uani halafu akaingiza chakula ndani. Ndani ya mabua kuna selulosi, hemiselulosi na lignini. Lignini ndiyo inayoupa mti ugumu wake, na viumbe wengi hawaiwezi. Mamama, yaani uyoga wa jenasi ya Pleurotus, anaiweza kwa sababu ana lakasi, kimeng'enya chenye atomi nne za shaba, pamoja na peroksidasi zinazotumia manganizi. Utando unapoendelea kutanda, lakasi huwa nyingi. Uyoga unapoanza kujitokeza, lakasi hushuka na vimeng'enya vya kuvunja selulosi hupanda, kwa kuwa sasa sukari inahitajika kwa wingi na upesi. Mabadiliko hayo unayaona kwa macho: mabua ya rangi ya dhahabu yanageuka kuwa karibu meupe na kulainika. Kwa hiyo usikimbilie kufungua mfuko ambao nusu yake bado ni ya njano. Jikoni bado kazi haijaisha.

Mimi hutumia mabua ya ngano, yanayouzwa kwa marobota katika maduka ya chakula cha farasi na mifugo. Chagua yaliyo makavu, ya njano, yasiyonuka ukungu, uyakate vipande vya urefu wa kidole. Migahawa ya Maboneng, hapo jirani, hutoa machicha ya kahawa, nami huyachanganya kidogo kwa ajili ya naitrojeni. Yatumike siku hiyo hiyo, maana yakilala yanachacha. Wengine huongeza pumba za ngano kwa wingi wakitarajia mavuno makubwa. Naitrojeni huongeza mavuno kweli, lakini pia huwakaribisha Trichoderma, wale ukungu wa kijani, na huufanya mfuko upate joto kupita kiasi.

Sasa suala la mwinuko. Huku juu maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 94, si 100. Kwa mamama hakuna hasara, kwani mabua yanahitaji nyuzi 65 hadi 80 tu kwa saa moja au mbili. Hatukusudii kuua kila kiumbe. Bakteria kadhaa wanaostahimili joto hubaki, na hao huwawekea ukungu ushindani. Mimi huzamisha gunia la mabua kwenye pipa la maji ya moto juu ya jiko la gesi, nikipima kwa kipimajoto. Gesi ikiisha, ninatumia chokaa iliyozimwa: mabua yanalala katika maji ya chokaa kuanzia jioni hadi asubuhi au zaidi. Maji hayayeyushi hata gramu 2 za chokaa hiyo kwa lita, lakini kiasi hicho kidogo kinatosha kupandisha pH hadi kama 12, kiwango ambacho ukungu wengi hawakivumilii. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa inaunguza ngozi na macho.

Baada ya hapo chuja vizuri. Kamata mabua mkononi, yakamue kwa nguvu: yakitoa matone machache, yako tayari, yakitoa mkondo, yaache yaendelee kuchuruzika. Maji yakituama chini ya mfuko, hewa haipiti na bakteria wanatawala. Changanya na mbegu za uyoga, kama kilo moja kwa kila kilo 20 za mabua yaliyolowa, jaza kwenye mifuko yenye matundu, na uiweke mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 28. Utando unapokula unazalisha joto lake mwenyewe, kwa hiyo katikati ya mfuko mkubwa huwa na joto kuliko chumba. Mwezi Januari bati linapowaka, tenganisha mifuko, usiipange ikigusana. Mwezi Julai isogeze karibu karibu, ipashane joto.

Chagua aina kwa msimu. Pleurotus ostreatus wa kijivu anafurahia baridi ya nyuzi 10 hadi 20, na huyo ndiye wa majira ya baridi ya Johannesburg. Kwa miezi ya joto tafuta Pleurotus pulmonarius. Yule wa waridi, Pleurotus djamor, anapendeza machoni, lakini baridi ya huku inamuua.

Uyoga ukianza kuchomoza, wakulima wengi hufikiria maji tu, na mimi nakazia hewa kwanza. Wakati wa kutanda utando huvumilia hewa nzito ya kaboni dioksidi. Wakati wa kuzaa hauvumilii: hewa ikiwa nzito, mashina yanarefuka na kofia zinabaki ndogo kama vifungo. Ukiona hivyo usiongeze maji, fungua dirisha. Tatizo ni kwamba dirisha la Agosti linaingiza hewa kavu. Njia yangu ni kutundika magunia yaliyolowa mbele ya dirisha, kumwagia maji sakafu, na kupuliza ukungu wa maji hewani mara nyingi kwa kiasi kidogo. Unyevu wa asilimia 85 hadi 95 ndio tunaoutafuta. Usiuelekeze mpulizo kwenye vichwa vichanga. Mwanga hafifu wa dirishani unahitajika pia. Gizani kofia hazijengeki.

Chuma kabla kingo za kofia hazijanyooka kabisa. Ukichelewa, vumbi jeupe la spora, yaani mbegu za asili za uyoga, hujaa hewani, na kulivuta kila siku hudhuru mapafu. Katika nyumba zetu, watu wengi na vyumba vichache, hili nalisisitiza sana: usilaze mtoto katika chumba cha uyoga, na wewe mwenyewe vaa barakoa.

Baada ya kuchuma, geuza kofia chini juu, ile mikunjo ielekee jua la mchana kwa nusu saa. Uyoga una egosteroli, ambayo miali ya jua huigeuza kuwa vitamini D2. Jua la mwinuko huu ni kali, tulitumie. Kisha pika uive: mamama mbichi ana protini zinazotoboa seli, na moto ndio unaoziharibu.

Majirani zangu kutoka Lubumbashi, wanaojua uyoga wa pori wa miombo kuliko mimi, hununua mamama bila maelezo. Wanaoniuliza maswali ni wanaotafuta reishi, Ganoderma, uyoga wa dawa. Huo unaota kwenye vumbi la mbao ngumu, na hapo mwinuko unauma. Sufuria la presha likisoma paundi 15, ndani yake hapa hufika nyuzi 118 hivi badala ya 121, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi. Kwa hiyo mimi huongeza muda hadi saa mbili na nusu. Kaboni dioksidi iliyoharibu mamama, kwenye reishi hutoa pembe ndefu nzuri badala ya kofia, na wakulima wengine huitaka hivyo. Uchungu wake unatokana na triterpeni, ambazo hutoka vizuri kwenye pombe; beta-glukani hutoka kwenye maji ya moto.

Kuhusu uyoga kuwa dawa: Japani iliidhinisha lentinani, inayotokana na uyoga wa shiitake, itumike pamoja na tiba ya saratani, lakini hiyo ni dawa iliyosafishwa na kuchomwa sindano hospitalini. Chai ya reishi yangu si hiyo. Mtu akinieleza kwamba anataka kuacha ARV au tiba ya saratani ili anywe uyoga, simuuzii; nakaa naye tuzungumze, nikiweza namsindikiza kliniki. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye ini lililodhoofika, au anayesubiri upasuaji amuulize daktari kwanza, kwani reishi inaweza kuchelewesha damu kuganda. Kwenye pakiti naandika jina la uyoga, tarehe ya kuchuma na uzito tu.